Mshale wa Redio ya Mwalimu

Miaka kumi nilijisifu hapa Ogembo kwamba hakuna redio iliyonishinda. Mshale mmoja ukanishinda kwa sekunde moja.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea redio yake ya transista, ile yenye kidirisha cha mita kinachoonyesha nguvu ya mawimbi. Sauti ilikuwa safi. Mshale tu ndio uliolala. Nikaiweka testa kwenye ohmu, kipimo cha chini kabisa, nikagusa ncha za mita. Mshale uliruka, ukagonga ukingo, ukapinda. Baadaye nikagundua kilichokuwa kimekatika ni rezista ya njiani. Mita ilikuwa nzima hadi nilipoipima.

Nikamwambia mwalimu mita ilikuwa imeungua zamani.

Testa ikiwa kwenye ohmu husukuma umeme wa betri zake. Nilijua hivyo, ila sikuwahi kupiga hesabu. Yangu ina volti 3 na ukinzani wa ohmu 20. Koili ya mita kama ile ina ohmu 600 hivi na mshale hufika mwisho kwa mikroampea 200. Gawanya: miliampea 5 kasoro, mara 24 ya kipimo chake, kwenye waya mwembamba kama unywele!

Nilinunua redio kaseti mbovu sokoni, nikatoa mita yake niiweke kwenye redio ya mwalimu. Safari hii, kuipima, nilitumia betri moja ya volti 1.5, potenshiometa ya kilo-ohmu 100 iliyoanzia juu, na rezista ya kilo-ohmu 4.7 ikae mlangoni hata mkono ukiteleza. Mshale ukapanda taratibu. Kisha nikalehemu dayodi mbili za silikoni kwenye ncha za mita, moja ikitazama huku, nyingine kule. Mshale ukifika mwisho, pale pana volti 0.12 tu, nazo dayodi zimelala. Volti zikikaribia 0.6, dayodi zinafunguka, umeme wa ziada unapitia humo.

Mwalimu alipokuja, nilimwambia ukweli kabla ya kumkabidhi redio. Alinyamaza. Akaiwasha, akazungusha kitufe, mshale ukainuka stesheni ilipoingia.

"Namba si zile."

"Si zile, mwalimu. Ni za kaseti."

Akaomba ile mita iliyopinda. Nilikuwa nimeifunga kwenye gazeti. Akaitia mfuko wa koti, akaondoka bila kuuliza bei.