Wauza Chumvi Walinisubiri

Katika mwaka wangu wa tatu chuoni hapa Kampala nilikuwa mhazini wa ushirika wa wanafunzi Wakristo, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili na kiongozi wa darasa letu la Kiswahili. Nilikuwamo pia katika kamati ya kuandaa Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya tarehe 7 Julai, kwa sababu kila mtu alijua kwamba sijui kukataa. Mtu akinijulia hali nilimjibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba nimechoka kwa kazi ya Bwana.

Jambo moja tu halikusonga mbele, nalo ni utafiti wangu wa mwisho. Mada niliichagua mwenyewe: Kiswahili cha wanawake wanaouza chumvi ya Katwe katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mama yangu ni mmoja wao. Nyumbani tunazungumza Lukonzo, lakini biashara na watu wa ng'ambo ya mto hufanyika kwa Kiswahili, na hicho ndicho kilichonilipia karo tangu shule ya msingi. Mama aliposikia kwamba chuo kikuu kinataka kujua namna wanavyozungumza sokoni, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kuwaomba wenzake saba wanipe alasiri moja niwarekodi.

Mara mbili niliahirisha safari. Mara ya tatu nilimwambia Mama kwamba ninakuja bila shaka, na juma hilohilo kiongozi wa kwaya akaongeza siku za mazoezi kwa ajili ya Pasaka. Nikabaki Kampala. Hata simu sikupiga. Nilijiambia kwamba nitampigia baada ya mazoezi.

Aliyepiga ni yeye, jua likiwa limeshatua. Hakugomba.

"Mwanangu, wenzangu wamekungoja tangu saa nane. Walifunga biashara mapema. Nimewanunulia soda, wamekunywa, wameondoka. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kanisani, Mama. Tunafanya mazoezi."

Alinyamaza. "Huko kanisani yupo mwingine anayeweza kuimba?"

"Tuko kumi na wanane."

"Na huku kwetu yupo mwingine anayekuja kuandika maneno yetu?"

Sikuwa na jibu. Muhula ulipokwisha sikuwa na data, na msimamizi wangu, ambaye alikuwa amenivumilia vya kutosha, akaniambia nijiandikishe upya kwa muhula mwingine. Ada ya muhula huo ilitoka kwa mbuzi wawili wa Mama. Wenzangu walipovaa majoho mimi ndiye niliyewapiga picha.

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba kupanga vipaumbele ni kuchagua kati ya jema na baya, na hapo Mkristo hana shida kubwa. Ulevi na Biblia havigombanii saa moja. Lakini kwaya ni njema, uhazini ni mwema, watoto wa shule ya Jumapili ni wema (isipokuwa wawili watatu). Baada ya mkasa huo nilisoma tena sura ya kwanza ya Injili ya Marko, nikaona jambo nililokuwa nikilipita kila mara. Yesu amewaponya wengi jioni pale Kapernaumu. Kabla hakujapambazuka anatoka peke yake kwenda kusali. Simoni na wenzake wanamtafuta, wanampata, wanamwambia kwamba watu wote wanamuulizia. Naye harudi. Anawaambia waende katika vijiji vya jirani akahubiri huko, kwa kuwa ndilo lililomleta. Basi wapo watu waliokuja mlangoni asubuhi ile wasimkute. Jambo hilo lilinisumbua siku nyingi, maana mimi nilikuwa nahesabu kila aliyebisha hodi kuwa ametumwa na Mungu.

Hata hivyo, mtu akiishia hapo anaweza kuifanya aya hiyo kichaka cha uvivu. Katika Matendo ya Mitume sura ya sita, wajane wanasahaulika katika mgawo wa chakula. Mitume wanakataa kuacha kazi yao ya sala na mahubiri, lakini wajane hawaachwi na njaa. Wanachaguliwa watu saba wa kuwahudumia. Mimi niliwaacha wauza chumvi bila hata ujumbe wa simu.

Na kuna ungamo lingine ambalo nimelichelewesha. Sikuwa nakwenda kwaya kwa upendo wa nyimbo tu. Niliuogopa utafiti ule. Kiswahili changu kilitoka sokoni, na darasani nilisahihishwa ngeli mpaka nikaona haya kufungua mdomo. Kwenye kwaya hakuna aliyenisahihisha upatanisho wa kisarufi. Nilijificha nyuma ya jina la Mungu, mahali ambapo nilijua hakuna atakayethubutu kuniuliza ninafanya nini.

Nikaacha kwaya. Daftari la hesabu nilimkabidhi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, baada ya kukaa naye Jumamosi tatu tukipitia stakabadhi moja moja. Darasa letu lilichagua kiongozi mwingine. Watu walisema nimepoa kiroho, na mmoja alinijia kuniombea nirudi. Nilibaki na shule ya Jumapili peke yake. Asubuhi, wakati akili ingali na nguvu, nasali, halafu naandika kwa saa mbili kabla ya kuwasha simu. Zamani saa hizo niliwapa watu wa vikundi vya WhatsApp.

Mpondwe nilikwenda hatimaye, kwa basi la usiku. Walikuja watano kati ya saba. Mmoja aliniambia kuwa vitabu vyetu vinasema "pesa" lakini wateja wake wa Kongo wanasema "franga", na asiyejua hilo atalala na chumvi yake. Nililiandika, pamoja na mengine mia na ushee.

Juzi kiongozi wa kwaya alinipigia. Pasaka imekaribia tena na sauti ya pili ina watu wawili tu. Nilimtajia dada mmoja wa mwaka wa pili anayeimba vizuri kuliko mimi. Akasema atamtafuta, ila mimi pia nifikirie. Sura ya nne imefika ukurasa wa tisa.