Jamaa wa Matambarale na siku Simba walipobeba kombe Ruangwa

Tarehe 8 Julai 2020 ilikuwa Jumatano, siku moja baada ya Saba Saba, na Ruangwa mjini hapakaliki. Simba walikuwa wanakuja kucheza na Namungo Uwanja wa Majaliwa. Ubingwa walishauchukua tangu tarehe 28 Juni, kwa sare ya bila kufungana na Tanzania Prisons kule Mbeya, na ulikuwa wa tatu mfululizo. Kombe lenyewe ndo lilipangwa wakabidhiwe Ruangwa, mechi ikiisha. Yaani mgeni anakuja kufanyia harusi yake uani kwako.

Sasa kuna jamaa mmoja wa Matambarale, mkulima wa ufuta na korosho, ambaye kwa hesabu za kawaida alitakiwa kuwa mwenye furaha kuliko wote siku hiyo. Simba damu. Usimba alirithishwa na mjomba wake, na kwa Wamwera mjomba si mtu wa mchezo. Mwaka 2003 Simba walipoing'oa Zamalek kwa penati kule Cairo, wawili hao walisikiliza kwenye redio, betri zake zimeanikwa juani mchana kutwa ili usiku zipate nguvu. Simba wenyewe alikuwa hajawahi kuwaona kwa macho. Ndivyo ilivyo huku mikoani, timu ya Kariakoo unapewa kama unavyopewa jina, hakuna anayekuuliza.

Naye sasa ni mjomba. Mpwa wake ana miaka kumi na moja, na jezi ya Simba alinunuliwa hata shule hajaanza. Shida ilianza 2019 Namungo walipopanda Ligi Kuu. Mtoto akageuka. Kwake timu kubwa ni ile ambayo wachezaji wake unaweza kupishana nao sokoni. Akina Lusajo, Kikoti na Bigirimana Blaise anawataja kama watu wa ukoo. Jezi nyekundu ikawa ya kuchungia mbuzi.

Hela ya mechi haikuwepo. Ufuta ulishapelekwa ghalani, mnada umepita, malipo bado, na wanaolima kusini wanaijua hiyo subira. Jamaa akakopa kwa dada yake, mama wa mtoto. Dada akatoa, ila kwa sharti kwamba mtoto naye aende. Ikapigwa hesabu ya bodaboda, tiketi mbili na mihogo ya kukaanga, wakaondoka asubuhi.

Getini kulikuwa na maji na sabuni, maana ligi ilisimama Machi kwa ajili ya korona na ilikuwa imerudi Juni tu. Ndani ni nyekundu tupu. Waliotoka Nachingwea, Lindi, Masasi, wote nyekundu, na wenyeji kibao nao nyekundu, jamaa akiwemo. Mtoto akatazama, akatazama, akauliza:

"Mjomba, kwani leo sisi ndo wageni?"

Mjomba akajifanya anatafuta pa kukaa.

Mechi iliisha bila kwa bila, kwa hiyo anayetaka hadithi ya mabao hapa atakosa. Lakini kipindi cha pili kuna wakati Simba walisogea golini kwa Namungo, upande ule wote ukasimama, naye akasimama, mazoea ya miaka. Mdomo ukatoa kitu kingine kabisa: "Toa! Toa mpira huo!" Kumbe anawaambia mabeki wa Namungo. Mpira ukaondoshwa, akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake kaamka.

Jirani yake mwenye skafu akamgeukia. "We kaka, wewe ni Simba au Yanga?"

Hapo ndipo soka letu lilipofikia. Ukiwaombea Simba wakose, basi wewe Yanga, hakuna mlango wa tatu. Mtu kuwa wa kwao tu, wa Ruangwa, wa timu ya nyumbani, hilo bado linaonekana kama ugonjwa fulani hivi. Jamaa alishindwa kujibu. Kusema Simba alikuwa ameshajiumbua. Kusema Yanga, mjomba wake angefufuka.

Firimbi ya mwisho ilipolia alitaka kuondoka. Mtoto akagoma, anataka kuliona kombe. Wakakaa. Likatoka, linang'aa, likanyanyuliwa, uwanja ukalipuka. Kitu alichokisikia redioni utoto mzima sasa kiko mbele ya macho yake, kwenye ardhi ya kwao, na alipiga makofi, ila ya mtu anayempongeza jirani aliyeoza binti.

"Zuri," mtoto akasema. "Letu lini?"

Msimu ule Namungo walimaliza nafasi ya nne, mara yao ya kwanza Ligi Kuu, si haba. Tarehe 2 Agosti wakakutana tena na Simba, fainali ya Kombe la Azam kule Sumbawanga, Simba wakashinda 2-1, na Namungo wakapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Jamaa aliitazama kibanda umiza. Mlangoni wenzake wa Simba walikuwa wamemwekea nafasi mbele, akawapa mkono, akapita, akaenda kukaa benchi la nyuma na mpwa wake. Jezi nyekundu alikuwa nayo mwilini, lakini juu yake kapiga koti, kalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na joto lile la kibandani unalijua.