Nyuma ya Kadi

Nakusanya kadi za wachezaji wa mpira. Nyingi nazitoa Owino, ndani ya mifuko ya majaketi ya mitumba. Wanaozichapisha ningewaomba mambo matatu.

Kwanza, karatasi ngumu. Stika zinabanduka, na mabati yakivuja usiku mmoja tu, timu nzima imekwisha.

Pili, watoe na za huku. Watoto wa Nsambya wanaijua sura ya kipa wa Arsenal kuliko ya kipa wa KCCA, na Lugogo ni mwendo wa miguu.

Tatu ndiyo kubwa: nyuma ya kadi waandike njia ya mtu. Sasa wanaweka urefu, uzito, klabu, basi. Kadi ya Camavinga inasema Ufaransa. Ni kweli, lakini alizaliwa 2002 katika kambi ya wakimbizi Angola, wazazi Wakongo. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 Kombe la Afrika 1974, na mpaka leo hakuna aliyemfikia katika kombe moja. Baadaye akawa mkimbizi Afrika Kusini. Mwaka 1998 uwanja ulisimama kimya kumwombolezea, kumbe yuko hai! Alifariki 2019. Hayo mtoto wa kambini angeyasoma wapi?

Kadi yangu ya ukimbizi nayo ina picha, jina, tarehe na nchi. Naitunza vizuri, maana bila hiyo sipiti popote. Lakini ya mpira ni ya furaha, jamani. Hapo nafasi ipo, waandike.