Siku 15 tu?

Jamani, mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania na kwa majirani. Mwanzoni mwa Juni nilikuwa bado naifuatilia habari hiyo, nikaenda kwenye kampuni moja inayouza huduma mtandaoni. Nilitaka kitu kimoja: wateja walianza kushindwa kuingia saa ngapi, na wangapi? Maana kuna waliolia kwamba wamekatwa pesa bila kupata huduma.

Fundi akafungua grafu, akarudisha tarehe nyuma. Tupu.

"Zimeshajifuta, kaka."

Zimejifuta? Wanatumia Prometheus, programu iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012. Kazi yake ni kupita kila baada ya sekunde kadhaa kuziuliza seva hali zao, kisha kuandika majibu kwenye kanzidata yake. Usipoiambia kitu, inatunza siku 15 halafu inafuta. Nikamuuliza nani aliamua siku 15. Hakuna, ndivyo ilivyokuja. Yaani ushahidi wa mteja umefutwa na mpangilio ambao bosi hajui hata kama upo!

Watasema diski ni ghali. Haya, tupige hesabu. Chukua vipimo 10,000, kila kimoja kisomwe kila sekunde 15. Hayo ni masomo milioni 57.6 kwa siku. Watengenezaji wenyewe wanasema kila somo hula wastani wa baiti 1 hadi 2. Tuseme 2: MB 115 kwa siku, GB 42 kwa mwaka mzima. Inaenea kwenye flashi ya GB 64, zile za Kariakoo (ukibahatika kupata isiyo feki). Na kubadilisha siku 15 kuwa 400 ni mstari mmoja tu wakati wa kuiwasha programu. Ila diski ya mashine moja ikifa umekwisha, kwa hiyo nakala nyingine itumwe kwenye kanzidata ya pili.

Nyayo za kila ombi la mteja ni mzigo mwingine kabisa. Jaeger, iliyotoka Uber, usipoipa kanzidata kama Cassandra au Elasticsearch inaziweka kwenye memori, ukiizima, zimekwenda. Huko ndiko pesa inakoliwa kweli, na anayetunza wiki moja tu sina ugomvi naye.