Mkanda unalalamika, mtuhumiwa ni nani?

Wadau, leo naweka kando habari za bunge na foleni za Dar. Nataka tuzungumze kuhusu mkanda. Siyo wa suruali. Nasema ule mweusi wa mpira ulioko ubavuni mwa injini, ambao hatuukumbuki mpaka siku unapoanza kulia barabarani na watu wa kituoni wote wanageuka kukutazama.

Kwanza jina lenyewe linatupoteza. Tunauita mkanda wa feni, lakini kwenye Corolla 110, kwa mfano, feni ya rejeta inazungushwa na umeme. Mkanda hauigusi kabisa. Unachozungusha ni alternata inayochaji betri, pamoja na pampu ya maji inayopoza injini. Kwa hiyo ukikatika hupotezi feni, unapoteza chaji na mzunguko wa maji kwa mpigo mmoja. Wala usiuchanganye na mkanda wa taimingi, uliofichwa ndani ya makava. Ule ni kesi nyingine, tutaisikiliza siku nyingine.

Kwa nini nimelivalia njuga jambo hili? Kwa sababu ya mjomba wangu. Ni dereva wa teksi, na gari lake ni hiyo hiyo 110 yenye injini ya 5A-FE. Limetengenezwa miaka ya 1990, limetumika Japani, likaja Bongo, likapita mikono ya watu kadhaa kabla ya kumfikia. Ada za binamu zangu wawili zinatoka kwenye gari hilo.

Basi bwana, gari likaanza kulia. Fundi akabadilisha mkanda. Kimya wiki tatu, kelele zikarudi. Akabadilisha tena. Mwezi haujaisha, mkanda mpya ukaanza kuchanika nyuzi pembeni. Safari hii fundi akatoa hukumu nzito: alternata imekufa, na betri nayo inaelekea huko huko. Bei aliyotaja ilikaribia ada ya muhula mzima.

"Mpwa wangu, wewe umesoma," mjomba akaniambia. "Hebu nisaidie kusikiliza."

Mimi nimesomea uandishi wa habari, siyo magari. Lakini kazi yangu imenifundisha kitu kimoja: anayepiga kelele ndiye unayeanza kumhoji, siyo unayemfunga. Mkanda ni mlalamikaji. Mtuhumiwa anaweza kuwa mwingine kabisa.

Tukaenda kwa fundi mwingine, mzee mwenye gereji ya chini ya mwembe kule Tabata. Kabla hajafungua boneti akauliza maswali kama mhariri wangu. Inalia lini, asubuhi tu au hata injini ikishapata moto? Ukiwasha taa inazidi? Ukikata usukani mpaka mwisho je?

Nikamuuliza maswali hayo ya nini. Akasema asubuhi alternata inafanya kazi kubwa kurudisha chaji iliyotumika kuwasha gari, hivyo mkanda uliolegea utateleza hapo. Ukilia wakati wa kukata kona, mtazame pawa stelingi na mkanda wake. Kisha kuna sauti zenyewe. Mluzi mrefu ni wa mkanda unaoteleza: umelegea, umechakaa au umemwagikiwa oili. Mlio wa kukatika-katika kama kifaranga mara nyingi ni wa puli ambazo hazikukaa kwenye mstari mmoja.

Ya mjomba ilikuwa ya kifaranga.

Mzee akachukua chupa ya maji, injini ikiwa inaunguruma, akanyunyiza kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mifereji, mikono yake ikiwa mbali na puli. Kelele zikakata, halafu baada ya muda mfupi zikarudi. Akasema zingeongezeka, angeshuku mkanda umelegea. Zikipotea kidogo na kurudi, tazama mstari wa puli.

Akapima umeme. Injini ikiwa imezimwa, betri ilionyesha volti 12.6. Ikiwa imewashwa, volti 14.1. Kwa betri ya volti 12, alternata nzima huonyesha takriban 13.5 hadi 14.5. Maana yake ile alternata "iliyokufa" ilikuwa hai na inachapa kazi.

Halafu akazima gari na kuufungua mkanda. Hapa ndipo siri ilipokuwa. Akazungusha puli moja moja kwa mkono. Ya alternata ilizunguka kimya. Ya pampu ya maji ilikwaruza, na alipoitikisa ikacheza. Beringi imekwisha. Chini yake kulikuwa na alama ya maji yaliyokaukia. Puli iliyopinda ndiyo iliyokuwa inautafuna mkanda pembeni, na ingetafuna wa tatu na wa nne vile vile.

Pampu na mkanda mpya havikufika hata nusu ya bei ya hukumu ya kwanza. Na Jumatatu yake mjomba alikuwa amekodiwa kwenda Morogoro, karibu kilomita 200. Pampu ingekwama njiani, mkanda ungekatika, injini ingechemka. Silinda hedi ya injini ile ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikizidiwa na joto inapinda. Hapo hatuzungumzii tena mkanda. Tunazungumzia injini, na watoto wawili kukaa nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye gari la mkononi, shika haya. Taa nyekundu ya betri ikiwaka ukiwa safarini na geji ya joto ikaanza kupanda, usijipe moyo kwamba utafika. Simama mahali salama, zima injini, na usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Usipake sabuni kwenye mkanda, utakuwa umemziba mdomo shahidi. Usikubali ukazwe kupita kiasi, kwani unaua beringi za alternata na pampu. Na usitafute nyufa tu: mikanda ya kisasa ya EPDM huchakaa mifereji yake kama tairi bila kupasuka.

Simwiti yule fundi wa kwanza mwizi. Nimefikiri sana, nikaona na sisi wateja tumo. Tunamlipa fundi kwa kifaa alichofunga, siyo kwa muda aliotumia kutafuta ubovu. Mzee wa Tabata alipotaja pesa ya kupima, mjomba alinung'unika: "Yaani nalipa na kuangaliwa?" Ndiyo, mjomba, lipa. Fundi asiyelipwa kutafuta atabahatisha, na kila akibahatisha unayenunua kifaa ni wewe.

Gazetini ni hivyo hivyo. Kila mtu anataka kichwa cha habari, wachache wako tayari kugharamia uchunguzi. Wiki hii gari lako likilia, kabla hujauliza bei ya mkanda, uliza kwanza nani anauumiza. Wenye visa vya mafundi wenu, karibuni, mstari wa chini ni wenu.