Kiti cha Enzi cha Lamu na Kipande cha Msasa

Msafiri aendaye Lamu kwa njia ya bara huliacha gari lake Mokowe, akapanda mashua. Mwaka 2001 mji huu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, nasi tulipokuwa tukipita vichochoro vya Mkomani, tukiwapisha punda na mizigo yao, tulikaribishwa katika nyumba ya mawe ambayo ukumbini mwake palikuwa na kiti cha enzi.

Huenda wasomaji wetu wa bara hawakijui kiti hiki. Mbao zake ni za mpingo, mti mzito hata kipande chake kikitiwa majini huzama. Mgongo wake umesimama wima, mbele kina pahali pa kuwekea miguu, na pahali pa kukalia pamesukwa kwa nyuzi. Juu ya weusi wa mbao mafundi walipachika vipande vyembamba vya pembe au mfupa. Hakikukaliwa ovyo; aliwekewa mgeni wa heshima.

Hicho tulichokiona kilikuwa kimefunikwa na ngozi ya rangi ya manjano, imepasukapasuka, hata mapambo hayakuonekana. Harusi ilikuwa karibu, na kijana wa nyumba alikwisha kununua msasa na kopo la vanishi. Bibi yake akamzuia: "La, mwanangu. Na aitwe fundi kwanza."

Fundi alikuja, akauweka msasa kando. Mpingo ukisuguliwa hutoa vumbi jeusi, nalo huingia katika vitundu vya mfupa. Weupe hugeuka kijivu, na kuusafisha tena ni taabu kubwa. Maji mengi nayo ni adui, kwani hulegeza gundi ya zamani.

Basi alikipindua kiti, akachovya kitambaa katika spiriti (ile ya kuwashia majiko, asije mtu akadhani nyingine), akagusa upande wa chini usioonekana. Ile ngozi ikalainika, ikashika kitambaa. Akajua kuwa ni lakri, itokanayo na vidudu vya Bara Hindi, ambayo huyeyuka kwa spiriti. Ingalikuwa vanishi ya mafuta, isingalilainika upesi hivyo. Akaiondoa kidogo kidogo, pahali padogo kama kiganja, akibadili kitambaa kila kilipochafuka, wala hakuiacha spiriti itulie juu ya mapambo. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu, nasi twaona hazikuwa nyingi.

Vipande viwili vya mgongoni vilikuwa vimepotea. Akavichonga vingine kwa mfupa wa ng'ombe. Biashara ya pembe za ndovu baina ya mataifa ilipigwa marufuku tangu 1990, na mfupa uliochongwa vema haukiaibishi kiti. Mwisho akapaka nta ya nyuki, nyembamba sana, akaiacha ikauke, akasugua kwa kitambaa kikavu. Sisi twaipenda nta kuliko vanishi, maana atakayekuja baadaye aweza kuiondoa bila kuidhuru mbao.

Walakini nyuzi za kukalia zilikuwa zimekatika, na msukaji wake alikuwa safarini. Harusi ikapita kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani, cheusi, kinang'aa, na watoto wakikatazwa kukikaribia.