Timu Ikishindwa, Tumlaumu Nani?

Ndugu msomaji, timu unayoipenda ikishindwa, wewe humtazama nani kwanza? Wako wanaomtazama mwalimu. Husema kwamba hakuwapanga vijana sawasawa, kwamba alichelewa kubadili wachezaji, kwamba hakuomba muda wa kuzungumza nao mpaka mambo yalipokuwa yameharibika. Wako pia wanaowatazama wachezaji wenyewe, wakasema kwamba hata angeletwa bingwa wa ualimu kutoka ng'ambo asingeweza kuvuna pasipopandwa. Mabishano haya tunayasikia vibarazani, viwandani wakati wa chai, na ndani ya mabasi ya asubuhi. Kwa kawaida humalizika basi linapofika kituoni, kila mtu akashuka na maoni yale yale aliyopanda nayo.

Kwetu hapa Moshi mabishano hayo yameacha kuwa mazungumzo ya kupitisha safari. Timu ya mpira wa kikapu ya watoto wa mtaa wetu imefika hatua ya mtoano kwa miaka 3 mfululizo, na miaka yote 3 imetolewa katika mchezo wa kwanza wa hatua hiyo. Katika makundi hushinda vizuri, wazazi tukaimba na kupiga vigelegele. Ukifika mtoano tunarudi nyumbani kimya. Jumamosi ijayo tutakutana kuamua kama mwalimu wao aendelee au aondolewe. Mwalimu mwenyewe ni fundi wa magari. Halipwi hata senti. Hufunga kazi zake saa kumi jioni, akaja uwanjani mikono yake ingali inanuka grisi.

Yafaa nikueleze mapema kwamba mimi ni mmoja wa wazazi hao, na kwamba mwanangu, mwenye umri wa miaka 14, hukaa benchi zaidi kuliko anavyocheza. Mwalimu huyu akiondoka, huenda mwanangu akapata nafasi. Basi uyapime maneno yangu ukilijua hilo.

Katika kikao cha kwanza zilijitokeza pande mbili. Baba mmoja, mfanyabiashara wa sokoni, alisimama akasema: "Ndugu zangu, makundi hushindwa kwa nguvu, lakini mtoano hushindwa kwa akili, na akili ya timu ni mwalimu. Tumshukuru huyu kwa kazi aliyofanya, kisha tutafute mwingine, ikibidi hata kutoka Dar es Salaam." Mama mmoja alimjibu: "Mzee wangu, unga ukiwa kibaba kimoja, mpishi hata awe hodari vipi hawezi kulisha watu wa harusi. Tupande Uru na Kibosho tukatafute vijana warefu, tuwaongeze kikosini." Wote wawili walipigiwa makofi, na mara nyingine na watu wale wale.

Swali hili lina umri sawa na mchezo wenyewe. Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, Marekani, na mwalimu wa mazoezi ya viungo aitwaye James Naismith, ambaye alitundika vikapu 2 vya matunda kwenye roshani ya ukumbi na kuandika kanuni 13. Huyu mbuni wa mchezo hakuamini sana kwamba kikapu ni jambo la kufundishwa. Kwake ulikuwa mchezo wa kuchezwa tu. Baadaye aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Kansas, ikashinda michezo 55 na kushindwa 60. Hadi leo, miongoni mwa walimu wote waliowahi kuishika timu hiyo, ni yeye peke yake aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mwanafunzi wake, Phog Allen, aliamini kinyume chake, akaufanya ualimu wa kikapu kuwa taaluma kamili, na mwaka 1952 aliipa Kansas ubingwa wa vyuo vya Marekani. Anayetaka kumtetea mwalimu hana haja ya kutafuta ushahidi mwingine.

Lakini tusikate hukumu upesi. Iko timu moja ambayo kisa chake kinaziumbua pande zote mbili, nayo ni Golden State Warriors ya California. Katika msimu wa 2013/14 timu hiyo ilishinda michezo 51 chini ya mwalimu Mark Jackson, kisha ikatolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano. Mwalimu akaondolewa. Nafasi yake ilichukuliwa na Steve Kerr, mtu ambaye alikuwa hajapata kuwa mwalimu mkuu wa timu yoyote. Kwa wachezaji wakuu ambao karibu wote walikuwa wale wale, Kerr alishinda michezo 67 na kutwaa ubingwa wa mwaka 2015, ambao timu hiyo ilikuwa imeukosa kwa miaka 40. Alichobadili zaidi ni namna ya kucheza. Timu ambayo ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima kwa kupasiana mpira ilifunzwa kuutembeza, hata adui asijue pigo litatoka wapi.

Yule baba wa sokoni angesikia kisa hiki angesimama tena. Naomba akae kidogo, kwa kuwa hakijaisha. Mwaka 2019 Kevin Durant alihama timu hiyo, Klay Thompson alikuwa ameumia goti, na Stephen Curry akavunjika mkono mwanzoni mwa msimu. Kerr alikuwa ndiye yule yule, na elimu yake ile ile, pamoja na mataji 3 aliyokwisha kuyatwaa. Timu ilishinda michezo 15 na kushindwa 50, ikawa ya mwisho katika ligi yote. Wachezaji wake walipopona na wenzao kuongezeka, mwaka 2022 ikawa bingwa tena. Mwalimu hakuwa mjinga katika 2019 kisha akaerevuka katika 2022.

Ninavyoelewa mimi, kipaji cha wachezaji ndicho kinachoweka dari ya nyumba, na ualimu ndio ngazi ya kulifikia. Penye dari fupi, ngazi ndefu haina kazi. Na penye dari refu bila ngazi, watu hubaki sakafuni wakitazama juu. Basi suala la kujiuliza kwa kila timu ni moja: je, imekwama kwa sababu imegusa dari, au kwa sababu haijapanda?

Hapo ndipo mtoano unapotofautiana na michezo ya makundi. Katika makundi unakutana na wengi, wengine dhaifu, wengine hawakujui. Unaweza kushinda kwa jambo moja tu unalolijua vizuri. Katika mtoano unabaki na hodari watupu, na kila mmoja amekuja kukutazama ukicheza. Jambo lako moja watalifungia mlango. Atakayeshinda ni mwenye jambo la pili.

Nilikuwapo siku watoto wetu walipotolewa mwaka huu. Tunaye kijana mmoja mrefu, mpole, ambaye katika makundi alifunga karibu nusu ya pointi zetu zote. Siku ile alizungukwa na walinzi 2 tangu filimbi ya kwanza. Wenzake walikuwa wazi kabisa, lakini kila aliyeupata mpira aliutupa kwake tena kama anayetupa kaa la moto. Hapakuwa na mtoto aliyethubutu kulenga kikapu. Waliokuwa karibu nami walipiga kelele kwamba mwalimu hajui kazi. Mimi nilitaka kujua ni kwa nini watoto wanaweza kucheza pamoja miaka 3 bila kuzoea kulenga.

Kwa hiyo, kama desturi ya kazi yetu ya uandishi ilivyo, nilichukua daftari nikaenda kwenye mazoezi jioni 3. Timu ina majina 12. Jioni ya kwanza walifika watoto 7, ya pili 6, ya tatu 8. Kikapu huchezwa na watu 5 kwa 5, maana yake mazoezi ya kweli hudai watu 10. Mwalimu mwenyewe alilazimika kuingia uwanjani kujaza nafasi, na mtu anayekimbia na mpira hawezi wakati huo huo kusimama pembeni aone kosa la mtoto. Mipira ilikuwa 2, na mmoja umeishiwa upepo. Niliwauliza waliokosa. Mmoja humsaidia mama yake kuuza vitumbua jioni. Wawili wako kwenye masomo ya ziada. Yule mrefu anakaa Uru, na mazoezi yakichelewa hukosa gari la kupandia mlimani kabla ya giza.

Niambie, msomaji, hapo tumlaumu nani? Huyo mwalimu tutakayemtoa Dar es Salaam atafanya nini na watoto 7 na mpira mmoja? Na hao vijana warefu tutakaowaleta kutoka mlimani watarudi kwao kwa gari gani?

Urefu nao una mkasa wake, na Watanzania tunaufahamu vizuri. Mwezi Juni 2009, vilabu vya ligi ya NBA ya Marekani vilipochagua wachezaji wapya, kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile. Siku hiyo hiyo, katika nafasi ya 7, alichaguliwa Stephen Curry. Thabeet ana urefu wa karibu mita 2.21, Curry hata mita 2 hafikii. Lakini Curry alikuwa mtoto wa Dell Curry, aliyecheza katika ligi hiyo misimu 16, na mpira ulikuwa mkononi mwake tangu utotoni. Thabeet alianza kuushika akiwa kijana wa miaka kama 15.

Simsemi vibaya ndugu yetu. Aliyoyapata kwa miaka michache aliyofundishwa ni ya kushangaza. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya mwalimu Jim Calhoun, alikuwa mlinzi bora wa ligi yao mara 2, na mwaka 2009 chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa. Lakini katika ligi kuu alikutana na watu waliokuwa na mafunzo ya utoto mzima, na katika misimu 5 na timu 4 wastani wake ulikuwa pointi 2.2 kwa mchezo. Mungu alikwisha kumpa urefu ambao wengi hawapewi. Alichopunjwa ni ile miaka 10 ya mwanzo, ambayo hapakuwa na mtu wa kumpa mpira na kumwonyesha. Tunachokiita kipaji mara nyingi ni mafunzo yaliyoanza mapema mno kiasi kwamba hatukuyaona.

Wazee wa mlimani wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mteremko wa Kilimanjaro umejaa mifongo, mifereji inayotoa maji kwenye mito na chemchemi za msituni na kuyafikisha kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Maji ya mlima ni mengi, lakini pasipo mfongo hupita bondeni yakaenda zake. Na mfongo bila maji ni shimo refu tu. Hata hivyo, mfongo haukai wenyewe. Siku ya kuuzibua ikitangazwa, kila anayetumia maji hutoka na jembe lake. Asiyefika hutozwa faini, au hunyimwa zamu. Kihamba kikikauka, swali la kwanza la wazee huwa ni nani hakufika siku ya kuzibua.

Basi Jumamosi nitasimama niseme hivi. Mwalimu wetu apewe miaka 2 zaidi. Tusimpime kwa kutolewa au kutotolewa peke yake. Tumpime kwa idadi ya watoto watakaoweza kulenga kikapu bila woga. Atafutiwe msaidizi, ili mmoja akicheza mwingine atazame. Tuchange tununue mipira 6. Mazoezi yaanze saa tisa na nusu siku za Jumamosi, ili mtoto wa Uru apate gari. Na baba mmoja mwenye pikapu amekwisha kuniambia kwamba atampandisha siku za katikati ya wiki. Watoto wa miaka 8 na 9 waanze sasa, warefu kwa wafupi, kwa kuwa hakuna ajuaye yupi atarefuka.

Juzi mwanangu aliniuliza, "Mama, wakiletwa wale warefu, sisi tutakwenda wapi?" Nilimjibu kwamba sijui kikao kitaamuaje, lakini kesho saa kumi aende mazoezini kama kawaida. Alikwenda. Waliofika walikuwa 9.

Nawe msomaji, kabla ya kumhukumu mwalimu au mchezaji wa timu ya mtaani kwako, tafadhali pita uwanjani jioni moja, uhesabu waliofika.